Kilele cha Hanang na Ziwa Balangida: jibu kwa msomaji wa Dodoma

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko sita, wafanyakazi wa ofisi moja hapa Dodoma, umri wetu ni kati ya miaka 26 na 52. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mlima wa maana, ni vilima vya hapa mjini tu. Tumeona picha ya Ziwa Balangida likimeremeta chini ya Mlima Hanang, tukapanga hivi: Ijumaa tukitoka kazini tuondoke Dodoma, Jumamosi tupande Hanang kutokea Katesh mpaka kileleni, tuteremkie upande wa pili hadi ziwani, tuoge, gari litupokee huko, Jumapili turudi nyumbani. Mwenzetu mmoja ana pumu. Je, inawezekana kwa siku moja? Na tujiandae vipi? (Msomaji, Ipagala)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kukodi gari. Kilele mnaweza kukifikia na kurudi kwa siku moja. Ziwani pia mnaweza kufika. Ila msiviunganishe katika siku moja, na msijaribu kuuvuka mlima kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jumamosi iwe ya mlima, mlitazame ziwa kutokea juu. Jumapili asubuhi mlifuate ziwa kwa gari.

Najua picha ndiyo iliyowavuta. Siku ya anga safi, ukisimama juu, Balangida unaliona upande wa kaskazini, jeupe, limelala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na macho yanakuambia ni mwendo wa saa moja. Usiyaamini. Kilele kiko takribani mita 3,420 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko zaidi ya mita 1,500 chini yake. Kati ya hapo na ufukweni kuna mteremko mkali, msitu, kisha uwanda wa malisho na mashamba ambao ukiutazama kutoka juu unaonekana kama hatua chache. Mtu aliyekwisha kupanda tangu alfajiri anaingia kwenye uwanda huo saa za jioni, miguu imekwisha, maji yamekwisha, na hajui njia ipi ya ng'ombe inakwenda wapi. Simu nazo, mtandao unakuja na kupotea. Hilo gari la kuwapokea litakuwa limeegeshwa mahali mnapopajua kwenye ramani tu.

Kwa hiyo mpande na kushuka kwa njia moja. Ya kawaida kwa wanaotokea Katesh ni ya Jorodom. Zipo nyingine, kama ile ya Gitting, lakini kwa watu wanaopanda mara ya kwanza na wanaotaka kurudi siku hiyohiyo, Jorodom inatosha. Njia mliyoipanda asubuhi mtaijua mkishuka jioni: mtakumbuka lile jiwe mlilokalia, mti mlioushika, mahali palipoteleza. Kwa mtu aliyechoka, kumbukumbu hizo ni msaada mkubwa.

Sasa hesabu. Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Tunaondoka saa ngapi?" Mimi nakuomba uanze na saa ya jua kuzama, uhesabu kurudi nyuma. Huku kwetu katikati ya nchi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni kutegemea mwezi, na giza halichelewi. Mnataka muwe mmetoka mlimani saa kumi na moja jioni, ili mbakize saa moja na zaidi ya mwanga kwa ajili ya lolote. Kushuka kwa watu wapya kunachukua kama saa nne. Kumi na moja ukitoa nne unapata saa saba mchana. Basi saa saba ndiyo saa ya kugeuka. Mkiwa kileleni, mnageuka. Mkiwa mmebakiza hatua mia mbili, mnageuka.

Kupanda je? Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, na saa moja ya kuongeza kwa kila mita 600 za kupanda. Ilikuwa kanuni ya watu wenye mazoezi, kwenye milima mifupi kuliko hii. Ninyi chukueni nusu ya kasi hiyo ya kupanda, mita 300 kwa saa. Kutoka chini hadi juu mna zaidi ya mita 1,500, yaani saa tano za kutembea. Ongeza saa nzima ya kupumzika, kula, kufunga kamba za viatu na kusubiriana. Mkianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa sita mchana mko juu, na mmebakiwa na saa moja ya akiba. Mkianza saa mbili kwa sababu chai ya hotelini ilichelewa, akiba hiyo hamna tena, na mnadaiwa saa nyingine juu yake. Waambieni wenye hoteli tangu usiku wawafungie chapati na mayai, mnywe chai ya kwenye chupa, muondoke.

Nimeishupalia saa ya kugeuka kwa sababu kuna siku niliipuuza. Nilikuwa na watu watano, tulianza saa mbili asubuhi, na saa nane mchana bado tulikuwa kwenye ukingo wa juu unaoelekea kileleni. Kuna mahali pale juu unafika ukidhani ndiyo kilele, kumbe ukingo unaendelea, unashuka kidogo na kupanda tena. Mmoja akasema, "Kile pale, dakika ishirini tu." Nilikuwa mkubwa wao, ilikuwa juu yangu kusema hapana, nikasema twende. Tulifika saa tisa na nusu. Giza lilitukuta tungali juu ya mashamba. Tochi ilikuwa moja, simu mbili zilikuwa zimezima. Kijana mwenyeji aliyetuongoza alivaa katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, na kwa zaidi ya saa mbili tulitembea kwa kufuata mlio wa katambuga zake juu ya mawe, kila mmoja ameshika begi la aliye mbele. Alipokuwa akisimama na sisi tunasimama. Tuliingia Katesh saa nne usiku, mama mmoja kati yetu akilia kimyakimya kwa maumivu ya magoti. Hakuna aliyevunjika, lakini tangu siku ile saa ya kugeuka naiandika kwenye karatasi, naisoma mbele ya kundi zima kabla ya hatua ya kwanza, na kila mtu anaitikia.

Fanyeni hivyo na ninyi. Na chagueni mapema nani atasema "tugeuke", awe mtu ambaye bosi wa ofisi hatamzidi sauti.

Kuhusu safari yenyewe ya gari, msiondoke Ijumaa jioni. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati ni kama kilomita 250 za lami, kisha Babati hadi Katesh kama 75. Kwa mwendo wa heshima, pamoja na kusimama kula, ni saa tano au sita. Mkitoka kazini saa tisa na nusu mtaendesha usiku kwenye barabara ambayo ng'ombe na punda huvuka wanapotaka, mtafika saa nne, mtalala saa sita, na saa kumi alfajiri mnaamshwa. Mwili usiolala haupandi mlima vizuri, na uamuzi wake si mzuri. Ombeni ruhusa ya Ijumaa, muondoke asubuhi. Hata mkienda kwa basi kutoka stendi ya Nanenane, chukueni la asubuhi. Kuna njia ya Manyoni na Singida pia. Ni ndefu kidogo, ila wenye ndugu Singida huipenda.

Kulala Katesh usiku mmoja kuna faida nyingine. Dodoma iko kama mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, na Katesh iko juu zaidi. Usiku mmoja hautoshi mwili kuzoea mita 3,000 na zaidi, lakini ni bora kuliko kushuka kwenye gari na kuanza kupanda.

Mkifika Ijumaa mchana mtapata pia nafasi ya kumaliza mambo ya kibali kwa mwanga wa jua. Hanang ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Nendeni ofisini kwao Katesh, mwulize hali ya njia wiki ile, na mwombe waongozaji wenyeji. Sisemi mwongozaji mmoja. Kwa watu sita chukueni wawili. Sababu ni hii: mmoja wenu akishindwa katikati, lazima ashuke na mtu anayejua njia, na wengine wasibaki wenyewe. Mkiwa na mwongozaji mmoja, mtajikuta mnamsukuma mgonjwa apande ili safari isivunjike, au mnamwacha akae peke yake chini ya mti "mpaka turudi". Yote mawili yameshawaletea watu msiba milimani.

Msidharau kijana wa Kibarbaig (wafugaji wenyeji wa huku) aliyevaa shuka na kushika fimbo mkadhani mnajua zaidi kwa sababu mna ramani kwenye simu. Kwa Wabarbaig mlima huu una heshima ya kiibada tangu zamani, na wamekuwa wakichunga maeneo haya. Mkikuta watu na mifugo, salimieni kwanza. Picha za watu ni mpaka waulizwe na wakubali.

Jambo la mvua nalieleza polepole, maana linagusa watu waliofiwa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na miti iliyong'oka vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Udongo wa mlima wa volkano uliochakaa ukishiba maji unakuwa mzito na unapoteza mshiko, na kwenye mteremko mkali hauna cha kuuzuia. Mtakutana na watu pale ambao nyumba yao ilikuwa mahali ambapo leo pana mawe. Msiende kupiga picha za furaha kwenye makovu ya tope. Na kwa upande wa usalama wenu, msipande katika msimu wa mvua. Katikati ya nchi mvua kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Chagueni kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai kuna baridi kali alfajiri lakini njia ni kavu. Septemba na Oktoba kuna joto na vumbi, mtabeba maji zaidi, na moshi wa mashamba yanayochomwa unaweza kuwafichia ziwa. Mimi ningechagua mwisho wa Juni au Julai.

Hata msimu wa kiangazi, tazameni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla. Mkisikia radi mkiwa kwenye ukingo, shukeni mara moja, msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Ukungu ukifunga, kaeni mahali mtu wa mbele anamwona wa nyuma.

Maji sasa. Kwenye njia hiyo hamtakuta chanzo cha maji cha kutegemea. Mnachokunywa ni mlichobeba. Hesabuni nusu lita kwa kila saa ya kutembea: saa tisa ni lita nne na nusu kwa kila mtu, na hizo ni kilo nne na nusu mgongoni kabla ya kitu kingine chochote. Nimeona watu wakipunguza uzito kwa kuacha maji na kubeba spika ya muziki. Spika iacheni kwenye gari. Njia nzuri ya kupunguza mzigo ni hii: mkiwa mmefika kama theluthi ya kupanda, kila mmoja aache chupa moja ya lita moja mahali ambapo mwongozaji ameonyesha, chini ya jiwe, kivulini. Mtaikuta mkishuka, saa ile ambayo kila mtu ana kiu na hakuna aliyebakiza. Chupa tupu mnarudi nazo.

Maji matupu peke yake hayatoshi kwa anayetoka jasho saa tisa. Ongezeni paketi moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia mwili maji) kwenye lita moja, au kuleni vitu vyenye chumvi. Chakula chenu kitoke hapahapa Dodoma: karanga za kukaanga zenye chumvi, zabibu kavu za kwetu, ubuyu wa kumung'unya, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai. Kuleni kidogo kila saa hata kama njaa haijauma. Anayesubiri njaa mlimani atakula akiwa tayari amelegea. Biriani na nyama choma ziwe za Jumapili.

Viatu ndivyo vinavyoamua siku yenu kuliko vazi lolote. Msinunue vipya Alhamisi na kuvivaa Jumamosi. Buti za mitumba zenye soli yenye meno, zilizovaliwa wiki sita, ni bora kuliko mpya za bei mara tatu. Ukijaribu kiatu, vaa soksi nene utakazopanda nazo, simama kwenye mteremko ukielekea chini, piga mguu mara kadhaa. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kidogo, na siku ya kushuka utapoteza kucha. Kateni kucha siku mbili kabla. Mahali panapoanza kuwasha kisigino, simameni hapohapo mbandike plasta, msisubiri lengelenge.

Baridi watu wa Dodoma huwa hawaiamini. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Maana yake juu kutakuwa na baridi zaidi ya Katesh kwa nyuzi kama tisa au kumi, na upepo wa ukingoni unaongeza. Fulana ya pamba ikilowa jasho inabaki imelowa na inakunyonya joto, kwa hiyo vaeni fulana ya michezo inayokauka upesi, bebeni sweta nzito na koti la kuzuia upepo na mvua. Kofia ya kukinga jua, na ile ya sufu pia. Jua la juu huchoma hata mkihisi baridi. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani na betri mpya. Nasema kila mtu, hata kama mmepanga kurudi mchana, kwa sababu ya ile saa nne usiku niliyokueleza. Fimbo ya mwanzi mtaipata kwa wenyeji na itaokoa magoti.

Mwenzenu mwenye pumu hajakatazwa kupanda, lakini aende kwanza kwa daktari anayemtibu amwambie wazi: saa tisa za kupanda na kushuka, vumbi, hewa ya baridi na kavu, hadi mita 3,400. Akiwa alipata shambulio kali wiki za karibuni, abaki. Akiruhusiwa, dawa yake ya kuvuta aibebe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili isipoe, na nyingine ya akiba abebe mtu anayetembea naye. Wote sita mjue ilipo na inavyotumika. Huyu wa miaka 52 apime presha na sukari kabla. Umri huo hauzuii kitu. Nimeona wazee wakiwaacha vijana kwa sababu wanajua kutembea polepole.

Polepole kiasi gani? Kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Anayeenda taratibu kuliko wote awekwe wa pili, nyuma ya mwongozaji wa kwanza, ndipo mwendo wa kundi uwe wake. Akiwekwa mwisho, kila mkimsubiri ninyi mnapumzika, na akifika tu mnaondoka, yeye hajapumzika hata kidogo.

Kuanzia kama mita 2,500 mwili unaweza kuanza kulalamika kwa uhaba wa hewa. Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na kichefuchefu ni dalili za mwanzo. Mwenye dalili hizo asimame, anywe maji, apumzike nusu saa. Zisipopungua, haendi juu tena. Akianza kuyumba kama aliyelewa, kuchanganya maneno, au kuhema akiwa ameketi, hapo hakuna kusubiri: anashuka wakati uleule na mwongozaji mmoja pamoja na mwenzenu mmoja. Kushuka ndiyo dawa. Namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji muwe nazo, ila mjue mtandao haupo kila mahali, kwa hiyo msaada wa kwanza ni ninyi wenyewe. Andikeni karatasi yenye majina yenu, njia, namba za waongozaji na saa mnayotarajiwa kurudi, muiache kwa mwenye hoteli. Mwambieni mkipita saa mbili usiku hamjarudi aende kituo cha polisi.

Mazoezi. Mna muda wa wiki ngapi? Nataka nane, sita ni za chini kabisa. Watu hujiandaa kwa kupanda tu, wakati kinachowaumiza ni kushuka. Unaposhuka, msuli wa paja unajinyoosha huku umebeba uzito, na nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Ndiyo maana mtu hushuka mlima vizuri Jumamosi, Jumapili anashindwa kushuka ngazi. Msuli uliozoezwa kushuka hauumii hivyo. Kwa hiyo mkienda kilima cha Mlimwa alfajiri, pandeni na kushuka mara mbili wiki za mwanzo, mfike mara tano au sita, mkibeba begi lenye chupa tatu za maji. Kama ofisi yenu ina ghorofa, ngazi za kushuka ni zoezi tosha la siku za kazi. Jumamosi moja kabla ya safari, tembeeni saa sita mfululizo na viatu, mabegi na chakula kilekile cha siku ya mlima. Siku hiyo mtajua kamba ya begi la nani inakata bega, na nani hali vizuri akichoka. Asiyemaliza zile saa sita asipande. Aje Katesh, awasubiri, Jumapili aende ziwani. Mwambieni mapema, kwa upole, asije kujisikia ameachwa.

Uchafu wote mnarudi nao, pamoja na maganda ya mayai. Moto hauwashwi.

Na Jumapili, ziwa. Mlisema mtaoga. Balangida ni ziwa la chumvi. Maji huingia kutoka milimani na hayana mto wa kuyatoa, yanaondoka kwa kukauka na jua tu, chumvi inabaki. Ndiyo maana kiangazi ziwa hunywea na kuacha ukoko mweupe ambao ndio mliouona ukimeremeta kwenye picha. Wenyeji huchota chumvi pale. Ukiogea maji hayo ngozi inakaza na kuwasha, macho yanachoma, na mwenye malengelenge ya jana atajuta. Kunywa ni marufuku. Nendeni na maji yenu ya kunywa na ya kunawia.

Pia msichanganye majina mnapomwelekeza dereva: kuna Balangida, na kuna Balangida Lelu, ziwa jingine dogo la eneo hilohilo. Chukueni mwenyeji kwenye gari.

Egesheni gari kwenye ardhi ngumu, mbali na weupe. Kutoka hapo mnakwenda kwa miguu, mwenyeji mbele, na fimbo zenu za jana mkononi. Ule ukoko unaonekana mgumu kama saruji, na hatua za kwanza unalia chini ya kiatu kama chapati kavu inayovunjika. Kisha unafika mahali sauti inabadilika, inakuwa nzito, na ukipiga fimbo inazama kwa urahisi na kutoka na tope jeusi lenye harufu. Hapo ndipo mwisho wenu, hata kama maji yako mbele kidogo. Gari lililozama kwenye tope hilo haliondoki kwa kusukumwa na watu sita. Simameni hapo, mgeuke nyuma: mlima mzima mtauona, na ukingo mliotembea jana mtaweza kuufuata kwa kidole hadi kileleni. Mkibahatika kutakuwa na heroe (flamingo) majini. Viatu visafisheni kwa maji ya dumu kabla ya kupanda gari, chumvi hula ngozi ya kiatu.

Mkiondoka ziwani saa nne asubuhi, mtakula Babati, na saa nane mchana mtakuwa Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006. Wakati wa kwenda Ijumaa msisimame pale, mtapoteza saa mnazozihitaji Katesh. Ila mjue kufikia ile michoro kuna kilima kifupi chenye mwinuko, kwa hiyo wenye magoti yanayouma wawasubiri wenzao chini, na saa kumi muwe barabarani ili muingie Dodoma kabla giza halijakolea.